Mita Moja na Kiganja

Mwandoya, Jumatatu, 11 Novemba 2024

Leo nina wiki sita kamili tangu nitoke Ludewa. Daftari hili alinipa mke wangu, Mektilda, asubuhi ile ya safari. Alisema, "Andika kila siku, Novatus, hata mstari mmoja. Siku ambayo hukuandika nitajua uliogopa." Ananijua. Wiki tano tulizokaa Bariadi mjini tukichomelea vipande vya mnara sikuandika kitu. Naanza leo.

Mnara ni wa Mzee Ngassa. Alifanya kazi ya mitambo ya simu Dar es Salaam miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao. Ana leseni ya redio ya kuongea na watu wa mbali. Siyo redio ya kutangaza. Anakaa chumbani na chombo chake, anaita, mtu wa Brazili anaitika, wanaulizana kama mvua imenyesha, basi, amefurahi siku nzima. Mke wake, Mama Milembe, anasema heri mzee angekuwa na nyumba ndogo, angalau angejua pa kumfuata.

Mnara utakuwa na urefu wa mita thelathini na upana wa kifua cha mtu. Kitu kama hicho hakisimami chenyewe. Kinashikwa na nyaya za chuma pande tatu, sisi mafundi tunaziita stei. Kila upande nyaya tatu, zote zinafungwa kwenye fimbo moja ya chuma iliyozamishwa na zege ardhini. Hiyo ndiyo nanga. Nanga ikitoka, mnara unalala, na aliye juu analala nao. Aliye juu ni mimi. Sina mwenzangu wa kupanda.

Nanga mbili ziko upande wa kichanga, tulizichimba vizuri, mita mbili kila moja. Ya tatu imeangukia shamba la pamba la Nyanjige, mjane jirani, kwenye udongo mweusi wanaouita mbuga. Kwetu Ludewa udongo ni mwekundu na una adabu. Huu umepasuka nyufa zinazomeza mkono hadi kwenye kiwiko, na sururu inaruka kama umepiga reli. Nimechimba tangu alfajiri. Saa nane mchana nilikuwa nimefika mita moja na kiganja.

Sylvester, msimamizi wetu, mtoto wa Bariadi mjini mwenye kitambi na saa kubwa ya mkononi, alitazama mawingu upande wa magharibi. Huniita kwa kabila langu.

"Toka, Mpangwa. Inatosha."

"Bado karibu mita nzima, bosi."

"Mvua ikiingia humo tutakuwa na bwawa la kambale. Hii si ardhi, ni jiwe. Tembo mwenyewe hang'oi nanga hapa. Toka, tumwage zege kesho."

Nilitoka. Sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe: nilitoka kwa furaha. Viganja vilikuwa vinavuja maji.

12 Novemba

Tumemwaga zege. Mzee Ngassa alikuja na fimbo yake wakati shimo limeshajaa zege nusu. Aliniuliza mimi, hakumuuliza Sylvester.

"Novatus, mmefika mbili?"

Sylvester alikuwa amesimama nyuma yake akiniangalia.

"Mbili, mzee."

"Wabeja," akasema. Maana yake asante.

14 Novemba

Kumwagilia zege. Jua kali. Yale mawingu yalikwenda kwa watu wengine.

20 Novemba

Kumwagilia zege. Naota meno yanang'oka.

26 Novemba

Tumeanza kusimamisha. Vipande vitano leo, mita kumi na tano. Nafunga kipande, napanda juu yake, Sylvester na vibarua wa hapa wananivutia kingine kwa kamba inayopita kwenye kapi. Kwenye kipande cha nne nilisimama, nikajifanya natafuta spana.

29 Novemba

Mnara umefika juu. Leo tumekaza stei.

Nieleze jinsi tunavyopima, Mektilda, kwa sababu ndicho kitu pekee katika kazi hii ninachokipenda. Unashika waya wa juu kabisa, chini karibu na nanga, unaugonga mara moja kwa ubavu wa ngumi. Tetemeko linakwenda mpaka kileleni, linageuka, linarudi kukugonga kiganjani. Linakwenda tena, linarudi tena. Sylvester anatazama saa, mimi nahesabu marudio ndani ya sekunde tano. Waya uliolegea unarudi polepole kama mtu aliyetumwa asikotaka. Uliokazwa mno unakimbia. Tunataka nane. Ikiwa pungufu, tunazungusha kikazio, ile skrubu ndefu iliyo kati ya waya na nanga, mpaka zitimie.

Nanga ya kwanza nane. Ya pili nane. Ya Nyanjige nane. Sylvester alinipiga begani. "Si nilikwambia?" Nilimwona fundi mkubwa. Mimi niliona aibu kwa woga wangu.

2 Desemba

Mvua. Imeanza alasiri, imepiga hadi magharibi. Nyufa zote zimefumba kama macho.

Nyanjige alifurahi sana. Ni mwanamke mrefu kupita wanaume wote wa hapa, akija mlangoni anainama. Watu walikuwa wanasema nyaya za mzee zinakata mvua. "Mwambieni Ngassa nyaya zake zimeshindwa," alisema. Kesho anapanda pamba.

3 Desemba

Nanga ya Nyanjige: saba.

Sylvester akasema waya mpya hunyooka, ndiyo kawaida. Tulizungusha kikazio mizunguko miwili. Nane.

5 Desemba

Mvua. Saba. Mizunguko miwili. Nane.

6 Desemba

Mvua. Sita.

Za upande wa kichanga hazijawahi kupungua hata moja. Nilimuuliza Sylvester kwa nini waya unaonyooka ni wa upande mmoja tu. Alisema, "Wewe umeishia kidato cha pili, mimi cha nne. Zungusha."

7 Desemba

Nimechukua rangi nyekundu ya Mama Milembe ya kucha, nikachora mstari kwenye fimbo ya nanga pale inapoingia ardhini. Alicheka akasema, "Mpangwa unampamba nani huko shambani?"

8 Desemba

Mstari umepanda vidole viwili juu ya udongo. Si waya unaonyooka. Zege linatoka.

Hakuna niliyemwambia. Nikisema zege linatoka, swali la kwanza litakuwa lilikwenda chini kiasi gani, na jibu hilo nilishalitoa.

9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, hakuna kazi. Nilimpeleka Sylvester kwenye ule mstari. Aliutazama muda mrefu, akakaa kwenye tuta la pamba bila kujali suruali yake.

"Unajua kwa nini sipandi?" aliniuliza.

"Kitambi."

Hakucheka. Alisema miaka mitatu iliyopita, kwenye mnara mmoja kule upande wa ziwa, alikuwa chini na rafiki yake yuko juu. Aliona fimbo ya nanga ikipanda. Ilipanda taratibu sana, akadhani ni macho yake. Alikuwa anajibishana na macho yake bado wakati mnara unaondoka na rafiki yake.

"Tangu siku ile nikiweka mguu kwenye ngazi ya pili, natapika. Kweli kabisa. Natapika."

"Sasa kwa nini ulinitoa kwenye shimo, bosi?"

"Niliogopa mvua itajaza shimo. Nikaogopa na mzee ataona hatujui kazi." Alifuta uso. "Mtu mwoga anaogopa vitu vingi, mdogo wangu. Anachagua kilicho karibu."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimerudi sina hata hiyo chuki ya kunipa joto.

Tulikubaliana tutamwambia mzee. Hatukusema lini.

11 Desemba

Mvua. Sita. Mizunguko mitatu.

12 Desemba

Mvua. Tano. Kikazio kimefika mwisho, hakuna uzi tena wa kuzungusha. Mstari mwekundu uko vidole vinne juu.

Mzee Ngassa ametuita barazani. Antena imeshafungwa vipande vyake, imelazwa uani kama mifupa ya samaki mkubwa. Anataka ipande Jumatatu. Ameshawaambia watu wake wa hewani. Ana miaka sabini na mmoja na alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Nilimtazama Sylvester. Sylvester alitazama viatu vyake.

"Jumatatu, mzee," akasema.

Nilipomkabili baadaye alisema mvua ikikatika siku mbili, udongo utakauka na kubana, tutapima, zikiwa saba napanda, nashuka, halafu ndipo tunasema. Nikakubali. Nashangaa jinsi mtu anavyoweza kukubali.

13 Desemba

Hakuna mvua.

14 Desemba

Hakuna mvua. Sita na nusu, kama kuna nusu.

15 Desemba, Jumapili

Nilikwenda misa makusudi nikakaa nyuma ya Mzee Ngassa. Nilijiambia: wakati wa kutakiana amani nitamwomba tuonane nje. Aligeuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Amani iwe nawe, Novatus. Kesho nakuombea." Nikasema, "Na iwe kwako pia, mzee." Hayo tu.

Mvua imeanza saa kumi na moja jioni. Ninapoandika bado inanyesha.

Mektilda, kama unasoma hapa na hakuna kilichoandikwa mbele, usiulize watu wa hapa. Nilijua.

17 Desemba

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika yote.

Jumatatu asubuhi jua lilitoka safi, shamba lote linatoa mvuke. Sylvester aligonga waya wa nanga ya Nyanjige. Mimi niliweka kiganja changu chini ya cha kwake. Nilihesabu sita. Yeye akasema kwa sauti ya kusikiwa na mzee, "Saba." Kisha akanitazama na macho yake yakasema: kataa wewe, mimi siwezi.

Sikukataa. Nilifunga mkanda nikapanda.

Kupanda mita thelathini kunachukua dakika kumi na mbili ukiwa mzima. Mimi nilitumia zaidi ya ishirini. Kila ngazi niliiambia ni ya mwisho. Kileleni nilijifunga, nikapitisha kamba kwenye kapi, nikawapa ishara wavute antena. Ilipofika usawa wa kiuno changu nikasikia mnara unavuta pumzi. Sijui kusema vingine. Uliinama kidogo kuelekea nyumbani kwa mzee, ukarudi, lakini haukurudi wote.

Nikatazama chini upande wa Nyanjige. Zile nyaya tatu hazikuwa mistari tena. Zilikuwa na matumbo.

"Sylvester!" nikaita. Sauti ilitoka ya mtoto.

Nilimwona anakimbia kwenda kwenye nanga. Anakimbia na kitambi chake katikati ya pamba changa. Akashika kikazio, akakumbuka hakina uzi. Akasimama. Nikajua yuko tena kule ziwani.

Nyanjige alikuwa anapalilia hatua chache kutoka pale. Baadaye alinieleza: udongo kuzunguka zege ulikuwa unaumuka kama unga wa maandazi, na ile fimbo inapanda, na Sylvester anaitazama tu mdomo wazi. Akatupa jembe. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mwano ni ule ukelele wa Wasukuma wa kuita watu, wa wezi wa ng'ombe au wa moto. Ukiusikia hukai. Asiyekwenda, sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, watamuuliza, na hawaulizi kwa upole. Nilikuwa nausikia mara ya kwanza, nikiwa juu ya kila mtu, na niliona unavyofanya kazi. Nyumba ya kwanza ilitoa mtu. Nyumba ya pili ikapokea ukelele ikaupeleka ya tatu. Watu wakatoka mashambani, vichochoroni, mmoja bila shati na povu la sabuni kichwani. Wanakuja mbio na marungu na mapanga, wanauliza, "Wamekwenda wapi? Wamekwenda wapi?"

"Hakuna wezi!" Nyanjige alipiga kelele. "Ni yule kule juu! Anaanguka!"

Wote wakainua nyuso. Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile.

Hapo Sylvester akaamka. Aliita kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Novatus! Achia antena! Funga kamba hapo kichwani, tupa ncha upande huu!"

Niliikata kamba ya antena kwa kisu. Antena ya Mzee Ngassa ilishuka ikipiga vyuma, ikavunjikia uani. Kamba niliyobaki nayo niliifunga kwenye nguzo ya mnara, kwa mikono ambayo haikuwa yangu, na ncha nikaitupa kwa Wasukuma. Ilianguka kwenye pamba na watu kama arobaini wakaishika.

"Msivute kama mnang'oa muhogo! Mkivuta sana atakuja kwenu! Shikilia tu! Shikilia uzito!"

Mtemi wa sungusungu, mzee mmoja mkavu anaitwa Salu, aliwapanga mstari kwa rungu lake. Kamba ikanyooka. Mnara ukaacha kuinama. Haukurudi, uliacha tu.

Nilishuka. Katikati nilikwama, mikono ilikataa kuachia chuma. Nikasikia Nyanjige ananiita kutoka kwenye kamba, "Baba, shuka! Mimi ni mjane, nina pamba ya kupalilia, sina siku nzima ya kukushika!" Watu wakacheka huku wanatetemeka kwa uzito. Mkono mmoja ukaachia.

Nilipofika chini ndipo nikaona Sylvester alipo. Alikuwa amekaa juu ya lile zege, ameikumbatia fimbo ya nanga kwa mikono na miguu, matope mpaka shingoni, anaikandamiza ardhini kwa kilo zake zote. Kama nanga ingetoka ingemrusha kama jiwe la kombeo. Hakutoka mpaka waliponizungushia blanketi na kuifunga kamba kwenye shina la mgunga.

Kisha likaja jambo ambalo sikulijua. Mwano ukishapigwa, watu hawaondoki hivi hivi. Aliyesababisha anasimama katikati anaeleza. Salu akatuuliza kwa upole kabisa kilichotokea.

Mzee Ngassa alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti. Hakuangalia antena yake hata mara moja. Alisema, "Ni udongo. Mbuga ikilowa inavimba, inasukuma. Vijana walifika mita mbili, nilimuuliza huyu mwenyewe. Kosa ni langu, niliyepima pembe bila kufikiria udongo."

Alikuwa ananitetea. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa imekwisha. Ningenyamaza, ingekuwa imekwisha kabisa. Na Mzee Salu alikuwa ameanza kusema kwamba kesho watatafuta kijana mwepesi wa hapo kijijini apande akafunge waya vizuri, maana mimi nimeshaogopa.

Nilipomwaza huyo kijana, nikasema.

"Ni mita moja na kiganja."

Hawakusikia. Nikarudia. "Zege liko mita moja na kiganja. Shimo nilichimba mimi. Mzee aliniuliza, nikamwambia mbili. Asipande mtu."

 Sylvester alisema, "Nilimtoa mimi," lakini mimi nilikuwa namtazama Mzee Ngassa. Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio yenye kelele na anatafuta sauti ndani yake.

"Jana kanisani nilikushika mkono," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na ukapanda."

"Ndiyo, mzee."

"Basi una akili mbaya kuliko mimi," akasema, akainuka, akaingia ndani. Hajanisemesha tangu hapo.

Salu alikuwa na hasira zaidi. Alisema watu arobaini walishika kamba kwa ajili ya mwongo. Walijadiliana kwa Kisukuma. Mimi nilisubiri marungu. Mwisho Nyanjige akasimama mbele yangu.

"Hamkuniuliza," alisema. "Mlikuja na kamba ya kupimia, mkaweka alama shambani kwangu, mkasema mama utupishe. Mngeniuliza ningewaambia hapa hata choo hakijengwi. Nyumba zote za mbuga zinapasuka. Twende."

Akanipeleka hatua kumi na mbili mbele, kwenye mwinuko mdogo usioonekana kama hujaonyeshwa. Hapo ilikuwepo nyumba ya kwanza ya marehemu mume wake, ilikaa miaka thelathini bila ufa hadi walipoibomoa. Udongo wake ni mwekundu kidogo. Mahali pale pako kwenye mstari uleule wa nyaya, ila mbele zaidi.

"Utachimba hapa," akasema. "Peke yako. Na hatutapima kwa mdomo wako."

18 Desemba

Mnara bado unashikwa na ile kamba kwenye mgunga. Hakuna ruhusa ya mtu kupanda. Mzee amehamisha redio yake chumba cha nyuma.

Nachimba. Sylvester anatoa udongo kwa ndoo. Hatuongei sana.

19 Desemba

Mvua usiku, shimo lilikuwa na maji ya magotini. Tulichota hadi saa nne. Mita moja na nusu. Kila nikiinama nasikia mnara unavuta pumzi nyuma yangu. Nageuka, umetulia. Nadhani nitausikia hivyo mpaka nizeeke.

20 Desemba

Saa tisa alasiri nilimwita Nyanjige. Alikuja na Salu na watu kama kumi. Mzee Ngassa alikuja nyuma yao, akasimama mbali kidogo.

Nyanjige hakuleta futi. Alivua kandambili, akafunga khanga vizuri, akashuka kwa ngazi mpaka chini, akasimama wima. Tulisubiri. Kichwa chake hakikuonekana.

"Mayu," Salu akaita, maana yake mama, "unaona nini?"

"Sioni pamba yangu," sauti ikasema kutoka ardhini. "Naona mbingu kipande. Inatosha."

Mzee Ngassa akasogea ukingoni, akachungulia mwenyewe muda mrefu. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Zege ni kesho saa moja. Usichelewe."

Zege litakaa siku ishirini na nane bila kuguswa. Nitakuwepo kulimwagilia, hata Krismasi. Tarehe 18 Januari tunaunga nyaya na kukaza, na nitagonga waya mwenyewe kwa mkono wangu. Sylvester amesema safari hii nikihesabu mimi, atakayeandika namba ni Nyanjige. Kupanda nimesema sipandi tena, si hapa wala kwingine, na hakuna aliyebisha. Alhamisi tarehe 23 naondoka Mwandoya. Mektilda, nategemea kuwa nyumbani Ludewa Jumamosi, tarehe 25 Januari, kabla giza halijaingia.